Tovuti Nzuri ni Ipi?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii niliisoma darasani na kuijibia mtihani, lakini maana yake niliipata baadaye, wakati nikisubiri matokeo ya kidato cha nne huku nikifanya kazi katika steshenari ya mjomba wangu mjini Morogoro.

Kazi yangu ilikuwa kutoa kopi, kuchapa barua na kuwasaidia watu kutuma maombi ya vyuo mtandaoni. Kulikuwa na tovuti ya chuo kimoja niliyoipenda kuliko zote. Picha zake zilikuwa kubwa na angavu, na rangi zake zilipangika vizuri. Mtu akiniuliza tovuti nzuri ikoje, nilimwonyesha hiyo.

Jioni moja alikuja mama anayeuza vitumbua mtaani kwetu. Alishika simu na bahasha yenye vyeti vya binti yake, ambaye alikuwa kijijini akimuuguza bibi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Siku ya tatu leo nahangaika na fomu hii. Kila nikibonyeza, inafutika. Na mwisho ni leo saa sita usiku."

Nilicheka kidogo. "Mama, tovuti hii ni nzuri sana. Ni vile tu hujazoea mambo ya kompyuta."

Akainamisha kichwa. "Labda, mwanangu. Sisi hatukusoma."

Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Nikaketi kuijaza mwenyewe. Niliandika majina, shule na masomo, kisha tarehe ya kuzaliwa ya binti, 14 Machi. Niliiandika 14/03 kama sote tuandikavyo, nikabofya "Endelea". Ukurasa ukajifungua upya ukiwa mtupu, na juu yake mstari mwekundu: "Taarifa si sahihi." Taarifa ipi? Haukusema. Nikajaza tena, ikafutika tena. Mara ya nne ndipo nilipogundua kwamba fomu ilitaka mwezi utangulie siku, kama waandikavyo Wamarekani. Kwake, 14 ulikuwa mwezi usiokuwepo. Nikawaza jambo baya zaidi: aliyezaliwa tarehe 5 Machi angeandika 05/03, fomu ingempokea kimya kimya, naye angesajiliwa kuwa amezaliwa tarehe 3 Mei.

Kisha picha ikakataliwa kwa kuwa kubwa mno, na kipimo hatukuambiwa mpaka tulipokosea. Kitufe cha kutuma kilikuwa cha kijivu hafifu juu ya weupe, tukakipita mara mbili bila kukiona. Tulimaliza saa tano na dakika arobaini usiku.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Kosa halikuwa lako." Alinishika bega, akaondoka haraka kwenda kuandaa unga wa vitumbua vya asubuhi.

Kesho yake nilimsimulia mwalimu wangu wa kompyuta. Akanieleza kwamba kupima tovuti ni taaluma. Mwaka 1994 Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, alitoa kanuni kumi za kupimia urahisi wa matumizi. Baadhi yake ni hizi: mfumo umweleze mtumiaji kinachoendelea, ufuate lugha na mazoea yake, uzuie makosa kabla hayajatokea, na kosa likitokea, useme waziwazi ni lipi na lirekebishwe vipi. Uzuri wa mwonekano umo katika kanuni hizo, lakini ni moja tu kati ya kumi. Aidha, miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, ili hata mwenye macho dhaifu aweze kusoma.

Mwalimu aliniongezea njia nyingine. Mwaka 2000 Nielsen alieleza kuwa watu watano tu wanatosha kufichua matatizo mengi ya tovuti. Mpe mtu kazi moja aifanye, keti kando, nyamaza, uandike kila anapokwama. Nilifanya hivyo kwa wateja watano waliokubali. Kilichonishinda zaidi ni kunyamaza! Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na yeye pia alikwama kwenye tarehe. Hapo nikajua kwamba lile halikuwa suala la kusoma au kutosoma.

Niliandika barua kwa chuo kile, nikaeleza kila mahali watu walipokwama. Sikujibiwa. Lakini msimu uliofuata, chini ya kisanduku cha tarehe paliandikwa mfano wa namna ya kujaza. Kitufe bado ni cha kijivu.

Ndugu mtahiniwa, ukitakiwa kutathmini tovuti, usianze na rangi wala picha. Jiulize kwanza: mtu amekuja kufanya nini hapa, na je, anaweza kukimaliza? Akikosea, anaelekezwa? Aliyoyaandika yanahifadhiwa? Anaweza kuisoma kwenye simu ya bei nafuu, juani? Na ukimwona mtu amekwama, usiharakishe kumwambia hajui. Kaa naye ujaze fomu ileile. Huenda kunguni wakakuuma na wewe.