Kopo la Nkambo

Bibi yangu (kwetu tunasema nkambo) alikuwa akipukuchua mahindi nilipomsomea maneno yake mwenyewe. Nilikuwa nimerudi Mutshatsha likizoni na kurasa 14 za mazungumzo tuliyorekodi mwaka uliotangulia, ndiyo data ya tasnifu yangu. Nilifika pale anaposimulia jinsi babu alivyorudi kutoka kazi ya reli, akakaa chini, akapewa munkoyo katika kikombe.

"Kikombe? Nani alisema kikombe?"

Nikamjibu kwamba ni yeye.

"Hapana. Kikombe njo ya padri. Miye nilisema kopo."

Nikafungua simu, tukasikiliza pamoja. Alisema kopo. Mimi ndiye niliyeandika kikombe, tena mara 11. Mwaka wa kwanza mwalimu mmoja alinikata alama kwa neno hilohilo, akaandika pembeni kwamba kopo ni la bati, la maziwa au la nyanya, na kwamba mtu hunywea kikombe. Tangu hapo mkono wangu ulikuwa ukisahihisha wenyewe, hata mahali ambapo kazi yangu ilikuwa kuandika nilichosikia tu. Nkambo wangu, ambaye kikombe amekiona kikiinuliwa altareni, nilikuwa nimemfanya ampe mumewe munkoyo ndani ya kalisi.

Muhula huo tulikuwa tumesoma habari za Helmut Gipper, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1959 utafiti wake juu ya maneno Stuhl na Sessel. Yote mawili kwetu ni kiti. Gipper aliwaonyesha watu picha za viti vya namna nyingi, wataje kila kimoja kwa jina. Kwa vingine walikubaliana, kwa vingine wakagawanyika. Angewauliza watu wa Vienna angepata picha nyingine, kwani Mwaustria akisema Sessel anataja kiti cha kawaida cha mezani, kile ambacho Wajerumani wengi huita Stuhl. Hakuna anayesema Mwaustria hajui Kijerumani. (Labda wapo, sijakutana nao.) Mwaka 1973, Marekani, William Labov alichapisha jaribio kama hilo kwa michoro ya vikombe, akaonyesha kwamba chombo kilekile huelekea kubadilika jina watu wakiambiwa kina chakula badala ya kahawa.

Nami nikatandika mkeka. Nikapanga chombo cheupe cha chuma chenye ukingo wa buluu, kingine cha plastiki chenye mkono, bilauri, mkebe mtupu wa nyanya, na kibuyu kilichokatwa. Nkambo akaona ni mchezo wa watoto, lakini akajibu. Cha chuma, kopo. Cha plastiki, kopo pia. Bilauri ni kilauri, hata nilipoitia munkoyo. Mkebe wa nyanya, ambao mwalimu wangu angeuita kopo bila kusita, kwake ni bwate. Kisha nikatia unga katika lile kopo la chuma, nikauliza tena. "Sasa njo kipimo," akasema, akaniuliza kama nina mpango wa kuumaliza unga wake wote.

Kwa Kireno, neno kopo lilikotoka, copo ni chombo cha kunywea. Kwa hiyo aliyelihamishia kwenye mikebe si nkambo. Najua jibu la baadhi ya wenzangu: lugha yake ya kwanza ni Kindembu, Kiswahili alikiokota sokoni na kando ya reli ya Kolwezi. Ndiyo. Ndicho nilichosema ninakichunguza.

Ikabidi nisikilize upya saa tisa za sauti. Kopo halikuwa peke yake. Nkambo alisema alitolewa masomo akiwa mdogo ili alee wadogo zake; mimi nikaandika alitolewa shule. Yaani nilimtoa neno lake kinywani nikamtilia Schule ya Wajerumani, watu ambao hawakuwahi kuitawala Mutshatsha. Sani zake zote zilikuwa zimegeuka sahani.

Nilimwandikia msimamizi wangu. Akajibu kwa mistari miwili: nirudishe kila neno, na katika utangulizi nieleze nilichofanya. Kurudisha maneno kulinichukua siku nne. Ile aya ya utangulizi, leo ni wiki ya pili.