Ngome ya Udongo na Hesabu Yake

Wapo wazazi wengi wanaodhani kwamba mtoto achezapo huwa anapoteza saa zake, na kwamba mwalimu amwachiaye mtoto acheze huwa anakula amana ya wazazi. Sisi tuliokaa na watoto kwa miaka mingi hatuwalaumu wenye mawazo hayo, kwani uko mchezo ulio upuuzi mtupu, nao twaukataza. Lakini uko mchezo mwingine ambao ndani yake mna hesabu, mna subira, mna adabu ya kushirikiana, na mara nyingine hutoka ndani yake swali ambalo wakubwa wameshindwa kuliuliza. Huo ndio tunaotaka kuueleza leo, kwa yale tuliyoyaona katika chuo chetu hapa Guta, ukingoni mwa Ghuba ya Speke, mahali ambapo watu huanika dagaa mchangani asubuhi na usiku huiona ziwani mistari ya taa za wavuvi.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa dagaa alinunua mnadani mfuko wa vichezeo vya mitumba, akamletea mwanawe. Ndani ya mfuko mlikuwa na matofali madogo ya plastiki, mengi yakiwa ya rangi ya manjano, pamoja na karatasi iliyochanika yenye picha ya ngome na nambari 375. Tulipoiuliza habari yake kwa wajuao tulielezwa kuwa ni kichezeo mashuhuri. Kilitolewa mwaka 1978 na kampuni ya LEGO ya nchi ya Denmark, ambayo seremala Ole Kirk Christiansen aliianzisha mwaka 1932 katika kijiji cha Billund. Ngome hiyo ilikuwa na vipande 767, na watu wadogo 14. Yaelezwa kwamba ilifanywa ya manjano badala ya rangi ya mawe kwa sababu wenye kampuni hawakupenda kutoa matofali mengi ya kijivu, wasije watoto wakaunda kwayo vifaru na zana nyingine za vita vya siku hizi.

Siri ya matofali hayo ni ndogo, nayo yastahili kujulikana. Juu ya tofali mna vinundu, na chini mna uwazi wenye mirija. Vinundu vya tofali la chini hubanwa na mirija ya tofali la juu, nayo hushikana bila gundi wala msumari. Hati ya kuilinda hekima hiyo iliandikishwa tarehe 28 Januari 1958. Matofali mawili tu yenye vinundu vinane, yakiwa ya rangi moja, yaweza kuunganishwa kwa namna 24 zilizo mbalimbali. Watoto wetu hawakusadiki mpaka walipokaa chini wakazihesabu.

Basi wale watoto walitaka kuijenga ngome ya pichani, wakashindwa. Vipande vilivyobaki mfukoni vilikuwa 431, na ukuta wa mbele haukuweza kutimia. Yule mwenye mfuko alihuzunika sana. Ndipo mwenzake mmoja, mtoto wa mfyatua matofali, aliposema, “Maalim, udongo tunao. Kwa nini tusiijenge ile ile, tena kubwa?”

Neno hilo lilitupendeza. Tukawaambia: chuo hakifunguliwi Alhamisi alasiri wala Ijumaa, nanyi mna ruhusa ya siku hizo, kwa sharti moja. Asifyatue mtu tofali hata moja kabla ya kutuletea hesabu yake.

Hapo ndipo walipojua kwamba kukuza kitu si jambo la maneno. Walikata shauri kwamba kila shibiri moja ya kichezeo iwe shibiri nne za ngome yao, na tofali lao liwe mara mbili ya tofali la plastiki. Tofali la plastiki lenye vinundu vinane lina urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 16, na kimo chake hakifiki milimita 10. Kwa hiyo lao likawa la milimita 64 kwa 32, na kimo cha 20. Wakadhani, maadam ngome ni mara nne na tofali ni mara mbili, basi matofali yatatakiwa mara mbili tu. Tukawauliza, “Ukuta una urefu peke yake?” Wakafikiri. Urefu wataka mara mbili, kimo nacho mara mbili, na unene mara mbili. Mbili kwa mbili kwa mbili ni nane. Palipokuwa na matofali 10 katika kichezeo pakatakiwa 80. Walipokadiria kuta na buruji zote za pichani kwa kipimo cha tofali la vinundu vinane walipata kama 350, na 350 mara nane ni 2,800.

Habari hiyo ilipofika kwa wazee wa kamati ya chuo ilizua maneno, nayo hayakuwa maneno ya bure. Ni lazima tuwaeleze wasomaji hali yetu. Chuo chetu kilikuwa na choo kimoja tu, kibovu, cha wavulana na wasichana pamoja. Wasichana watatu walio wakubwa walikuwa wamekwisha kuacha kusoma kwa sababu ya haya. Kamati ilikuwa imekusanya udongo na kuni za kuchomea matofali ya choo cha pili, lakini kazi ilikuwa imelala miezi minne, huyu akisema zamu si yake, na yule akisema amekwisha kutoa fungu lake.

Mzee mmoja, mtu mwema tunayemheshimu, alitujia baada ya Sala ya Ijumaa akasema, “Maalim, nimesikia watoto wanafyatua tofali elfu tatu za mchezo, na choo hakina hata moja. Haya ni mambo gani?” Kisha akaongeza, “Tena nasikia mna na visanamu vya watu.”

Tulimjibu kwa adabu, jambo baada ya jambo. Ama visanamu, tulimkumbusha hadithi ijulikanayo ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, ambaye alikuwa na wanasesere wake, na kati yao farasi mwenye mbawa za vitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwuliza habari za farasi mwenye mbawa, alimjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, naye Mtume akacheka. Kwa hadithi kama hiyo wanavyuoni wengi wameviruhusu vichezeo vya watoto, na wengine wakashika tahadhari. Sisi, kwa kumridhi mzee wetu na wenye rai yake, tulikubaliana kwamba ngome ya chuo isiwe na watu ndani yake.

Ama udongo, hatukujibu sisi. Tulimwita yule mtoto wa mfyatua matofali, akapiga magoti, akamwamkia mzee, akafungua daftari lake. Tofali la nyumba hapa kwetu lina sentimita 24 kwa 12 kwa 10. Ukigawanya ujazo wake kwa ujazo wa tofali lao dogo, wapata kama 70. Basi matofali madogo 2,800 yalikula udongo wa matofali makubwa 40 tu. Wakizidisha 280 kwa ajili ya yatakayopasuka, ni udongo wa matofali 44. “Na tanuru hatutaweka letu, babu,” akasema mtoto. “Tutayapanga katika nafasi za juu ya tofali za choo, siku mtakapozichoma.” Mzee akatazama daftari muda mrefu, asiseme neno, akaenda zake.

Kazi ikaanza. Kalibu ya mbao walitengeneza kubwa kuliko tofali lenyewe, kwani udongo wa ziwani kwetu hunywea ukikauka na kuungua, karibu sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo kalibu ya milimita 71 ndiyo itoayo tofali la 64. Waliyaanika kivulini, wala si juani, yasije yakapasuka kwa kukauka haraka. Wavulana walifyatua, wasichana wakapanga na kuhesabu, kisha wakabadilishana, kwa kuwa wasichana walisema kuhesabu peke yake hakuridhishi.

Lakini jambo lililotufunza zaidi lilikuja walipochora ngome kubwa kwa ndani. Katika kichezeo kidogo mambo mengi huachwa, na macho ya mtoto huyajaza yenyewe. Mlango ni tundu, ngazi haipo, jiko halipo, wala hakuna aulizaye. Ukikuza kitu mara nne, yale matundu hukua mara nne pia, nayo huanza kukuuliza. Daraja la kuinuliwa la plastiki halikuweza kuwa la udongo. Likafanywa la mbao za sanduku na kamba ya wavu mkuukuu. Meno ya juu ya ukuta yalitaka njia ya askari kusimama nyuma yake. Kisha mmoja akauliza, “Maji watachota wapi?”

Tukaona ni fursa ya kuwaonyesha ngome za kweli. Tuliwaeleza habari za Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miezi 33, na waliokuwa ndani walikwisha kwa maradhi na kwa njaa kuliko kwa mizinga. Tuliwatajia Ngome Kongwe ya Unguja, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, na Gereza la Kilwa Kisiwani, na hata boma walilojenga Wajerumani Ikoma, katika mkoa wetu huu wa Mara. Wakafahamu kwamba ukuta mnene haumwokoi mtu asiye na kisima. Ngome yao ikapata kisima, na ghala, na jiko lenye tundu la moshi.

Ndipo msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa ameshika kamba ya kupimia, akauliza kwa sauti ndogo, “Na choo chao kiko wapi?”

Watoto wote wakacheka. Yeye hakucheka. Sisi tukamjibu kwamba katika ngome za Ulaya vyoo vilijengwa juu, katika vyumba vidogo vilivyotokeza nje ya ukuta, na uchafu ukaanguka chini handakini. Akasema, “Basi hata wao walikuwa nacho.” Akarudi kwenye kipimo chake. Na yule mzee wetu, aliyekuwa amepita kuangalia matofali, alikuwa amesimama nyuma yetu, akasikia yote.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba siku ile ile mambo yote yalinyoka. Mzee alikwenda kwa wenzake wa kamati, wakabishana tena, na wawili wakasusa. Lakini safari hii aliyeulizwa hesabu alikuwa na jibu, kwa kuwa mzee alimchukua mtoto na daftari lake mpaka barazani. Mtoto akawaambia matofali ya choo ni mangapi, kuni zatosha kiasi gani, na kila nyumba ikitoa mtu mmoja kwa siku mbili kazi itakwisha lini. Hapakubaki nafasi ya kusema zamu si yangu. Tanuru likawashwa mwezi uliofuata, matofali makubwa chini na madogo ya ngome juu yake, likawaka siku mbili usiku na mchana. Katika yale madogo 3,080 yalipasuka 193. Ziada ikatosha, na 87 yakabaki.

Choo cha wasichana kilisimama kabla ya ngome kumalizika. Katika wale watatu walioacha kusoma, wawili walirudi. Wa tatu hakurudi, na kila tupitapo kwao twajua kwamba miezi ile minne haikuwa ya bure kwake. Ngome nayo ilikamilika, kimo chake chafika kifuani mwa mtoto wa miaka saba, na nyuma ya buruji ya kushoto kipo chumba kidogo kilichotokeza nje. Kila mgeni huonyeshwa hicho kwanza.

Basi enyi wazazi, hatusemi mkanunue vichezeo vya fedha nyingi. Udongo upo, mbao za sanduku zipo, kamba zipo. Mtoto wako akitaka kujenga, mpe kamba ya kupimia kabla ya kumpa jembe, na mtake hesabu kabla ya kazi. Mwache akiige kitu kizuri alichokiona, kisha akikuze, kwani katika kukikuza ndipo atakapojua yaliyokosekana. Nanyi vijana, msione haya kuuliza swali ambalo wengine hulicheka. Na sisi wakubwa, tumwombe Mwenyezi Mungu atupe masikio ya kulisikia swali hilo mapema, kabla mtoto mwingine hajaacha chuo. Wabillahi tawfiki.