Kusi Inapofika Salalah

Mama yangu alipokuja Maskati kunitembelea kwa mara ya kwanza, ilikuwa Julai, na kilichomshtua mwanzo hakikuwa barabara wala majumba. Kilikuwa bomba la maji. Alfajiri alitaka kutia udhu, akafungua bomba la maji baridi, mara akaurudisha mkono na kuniita. Maji yalikuwa moto wa kuunguza. Tangi liko juu ya paa, jua linalipika kutwa, na usiku wenyewe haupoi. Nikamweleza tunavyofanya nyumba zote za huku: ukiingia mwezi wa tano tunaizima hita ya bafuni, maji yaliyomo ndani yake yanapoa kwa ubaridi wa kiyoyozi, na tangu hapo bomba la alama nyekundu ndilo linalotoa maji ya baridi, la buluu ndilo la moto. Mama akasimama kuyatazama yale mabomba mawili kwa muda. "Mwanangu," akasema, "huku mambo yote yamegeuka."

Nayakumbuka maneno hayo kila Julai, maana hakuna mwezi unaozitenganisha nyumba zangu mbili kama huu. Kwetu Unguja Julai ni kipupwe. Jioni mama hunipigia simu amevaa sweta na kanga kajitanda juu yake, akilalamika kuwa baridi imemwingia magotini, na mimi wakati huo nimekaa ndani ya gari ambalo kipimo chake kinaonyesha nyuzi 44. Mwezi Juni 2018, katika mji wa Quriyat, pwani hiyo hiyo ya Maskati kuelekea Sur, zilipita saa 24 nzima joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6, usiku kwa mchana. Ilihesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Nilikuwapo Maskati siku zile. Nakumbuka kitasa cha mlango wa nje kilivyonichoma mkono saa nne za usiku.

Basi maisha ya Julai huku ni ya ndani. Watoto wangu wanaujua mwezi huu kwa dari, zulia na mngurumo wa kiyoyozi. Serikali imekataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, tangu Juni hadi Agosti, na mchana huo ukipita penye ujenzi unawaona vibarua wa Kibangladeshi na Kihindi wamelala chini ya ukuta, kila mmoja kajifunika kitambaa usoni, viatu vyao vimepangwa pembeni kama mlangoni mwa msikiti. Na wao wana mama zao huko walikotoka, wanaopiga simu jioni.

Ninachokosa zaidi ni baraza. Mwembetanga, mtaa niliokulia, nyumba haimalizikii mlangoni. Baada ya swala ya Alasiri mama hutoka na mkeka, jirani huja na birika la chai ya tangawizi, muuza machungwa huegesha baiskeli yake hapo hapo, na habari zote za mtaa hupita mbele yako bila wewe kuinuka. Hapa nina majirani wema sana. Siku ya tatu tangu nihamie waliniletea sinia la halwa na sahani ya tende. Lakini kuanzia Mei hadi Septemba tunaonana kwa kupungiana mikono kwenye vioo vya magari. Mtu anaweza kufiwa na mama yake nyumba ya pili nawe usisikie kilio, kwa sababu madirisha yote yamefungwa. Hilo lilinitokea, na liliniuma kuliko joto lolote.

Hata hivyo sitaki kuidharau riziki ya hapa. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani mwezi mzima baada ya umeme wa kutoka Bara kukatika, na mwisho wa mwaka 2009 ikaingia tena gizani, safari hiyo kwa miezi mitatu. Mama alikuwa akinunua maji kwa ndoo, kwani pampu hazikufanya kazi. Mshahara wa Maskati ndio uliomwekea tangi lake mwenyewe na bati jipya. Julai hii inayonifungia ndani ndiyo inayomkinga yeye na mvua ya masika. Sijui mizani ya kuvipima vitu viwili hivyo kikajulikana kipi kizito.

Na Julai ya huku ina baraka zake. Ndio mwezi wa tende mbichi, zile laini zinazoitwa rutabu. Joto lile lile linalotutesa ndilo linalozipika mtini. Naghal hutangulia kuiva, kisha Khalas hufuata, na ukiipata Khalas iliyoiva nusu, upande mmoja bado mgumu wa manjano na wa pili umeshageuka kahawia na kutepeta asali, basi unakula tunda mbichi na tende kwa tonge moja. Wiki mbili baadaye ladha hiyo haipo tena. Mama mkwe wangu huzikagua moja moja kwenye kikapu kwa kidole gumba, bila kubonyeza, kwa kuzigusa tu.

Huyo mama mkwe ndiye aliyenifundisha kuitazama Julai kwa jicho jingine. Alizaliwa Unguja, akatoka mwaka 1964 akiwa na miaka tisa. Alifika Maskati baada ya tarehe 23 Julai 1970, siku ambayo Sultan Qaboos alishika utawala na kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Kiswahili chake ni cha Kiunguja kile cha zamani, kitamu kuliko changu. Tangu aondoke hajarudi, na mimi sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Mwaka jana tulimchukua tukaenda naye Salalah. Ni mwendo wa kilomita kama 1,000, kwa hiyo tuliondoka baada ya Isha ili kulikwepa jua. Ukishapita Nizwa na Adam unaingia jangwa tambarare lisilo na kilima wala mti, taa za malori tu, na mchanga unaokatiza barabara kama moshi. Alfajiri tuliswali Haima penye kituo cha mafuta, upepo ukiwa tayari wa moto. Saa zikaenda. Tulipoipita Thumrait kipimo kilisoma 39. Barabara ikaanza kupanda mlima. Kikasoma 35, kisha 30, na kabla watoto hawajamaliza kuzisoma namba kwa sauti, ukungu ukatuvamia na kikasimama kwenye 24. Mume wangu akawasha taa mchana ule. Watoto wakafungua madirisha, jambo ambalo hawakuwahi kuruhusiwa Julai tangu wazaliwe. Mama mkwe akautoa mkono nje, akauacha ulowe manyunyu, kisha akajipaka usoni.

"Kusi hii," akasema.

Alisema kweli. Upepo uleule unaoisukuma bahari ya Makunduchi mwezi wa saba huvuka ikweta, hupinda pwani ya Somalia na kuelekea Uarabuni. Ukifika pwani ya Dhofar, mkoa wenye mji huu wa Salalah, huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji ya baridi ya kilindini huinuka kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu hupoa juu ya maji hayo, ikagota kwenye milima, na milima ikageuka kijani kwa karibu miezi mitatu. Wenyeji huita msimu huo kharifu. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani waliuita upepo wenyewe kaus, neno ambalo mwenye sikio la Kiswahili halimpiti. Majahazi yaliyotoka Unguja kwenda Uarabuni yaliutegemea huo. Maskati iko nyuma ya Ras al Hadd, upande wa pili, na baraka hiyo haiifikii.

Chini ya mlima kuna vibanda vya makuti vinavyouza madafu, ndizi na mapapai. Tulisimama. Muuzaji akalikata dafu kwa panga, tukanywa, kisha akalipasua katikati na kutupa vijiko vya plastiki. Mama mkwe akakataa kijiko. Akaomba panga, akachonga kipande cha ganda la pembeni, chembamba kama ulimi, akakwangulia nyama ya dafu na kumlisha mwanangu mdogo mdomoni. Mkono haukusita hata kidogo. Miaka sitini ilikuwa imepita, mkono unakumbuka.

Nikampigia mama simu kwa picha, nikamwelekezea milima. Akamwona mkwewe na dafu lake, akafurahi mno.

"Shikamoo, dada," akamwamkia, kwa kuwa ndiye mdogo wao.

"Marahaba. Huko inavuma?"

"Tangu juzi. Ngalawa hazijatoka, samaki hakuna. Sote tunakula maharage."

Mama mkwe akanyamaza. Akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na uso wake.

"Hebu iweke dirishani," akamwambia, "niisikie."

Picha ikayumba, ikapita ukutani, ikapita pazia linalopepea, ikatulia kwenye kipande cha anga na ncha ya mwembe. Mama hakusema kitu. Simu ikawa inanguruma upepo mtupu, na mama mkwe wangu akaishika sikioni, amefumba macho, huku dafu likimdondokea kwenye buibui.