Nukta Iliyozaa Nukta

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Lakini lipo jicho ambalo pazia lake hufumwa kidogo kidogo, na pengine mfumaji huwa ni mkono wa mwenyewe.

Kijana mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, alikuwa na kazi moja kila usiku baada ya sala ya isha: kumsomea bibi yake tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu katika daftari aliloliacha babu. Macho ya bibi yalikuwa hayawezi tena maandishi, ila beti nyingi alizihifadhi moyoni. Usiku mmoja kijana, umri wake miaka 17, akasoma “papa” mahali palipoandikwa “baba”.

“Mjukuu wangu,” bibi akacheka, “huyo papa katokea bahari gani?”

Kijana naye akacheka. Alipotazama tena, akaona nukta moja iliyo chini ya herufi be imezaa vivuli viwili. Na be yenye nukta tatu ndiyo pe. Hakucheka tena.

Ukafika mwezi mwandamo. Wenzake ufukweni waliuona uzi mmoja mwembamba. Yeye aliona nyuzi nne, tano, zimepandana. Akanyamaza, kwani shahidi aonaye miezi mitano ataaminiwa na nani? Miwani alibadilishiwa mara tatu katika mwaka mmoja na nusu, na kila mpya ilichakaa kabla ya fremu yake. Shuleni akaitwa mvivu.

Hatimaye akavuka bahari hadi Dar es Salaam, akapimwa umbo la jicho lenyewe. Maradhi yakapata jina: keratokonasi. Konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho, unene wake wa kawaida katikati ni kiasi cha nusu milimita. Kwa mwenye maradhi haya hukonda na kulegea, kikabenuka mbele mfano wa pia wachezayo watoto. Nuru ipitayo hapo haikutani mahali pamoja, ndipo kitu kimoja kikawa vingi. Mara nyingi huanza wakati wa kubaleghe, huendelea kwa miaka, kisha hutulia makamo yakikaribia. Si maradhi mapya: mwaka 1854 tabibu wa Kiingereza, John Nottingham, alikwisha kuyatungia kitabu kizima.

Daktari akamwuliza swali moja: “Hufikicha macho?”

Kijana akaitazama mikono yake. Tangu utotoni macho yalimwasha, kila vumbi lilipotimka, na dawa yake ilikuwa vifundo vya vidole, akisugua mpaka aone nyota. Kikulacho ki nguoni mwako. Si kila afikichaye hupatwa, wala si kila aliyepatwa alifikicha, kwani ukoo nao una sehemu yake. Lakini konea dhaifu huzidi kudhoofika inaposuguliwa.

Yeye akapewa lenzi ngumu, azivae asubuhi na kuzivua kabla ya kulala, mikono ikiwa safi, na maji ya bombani yasizifikie kamwe. Azivaapo, nukta hurudi moja. Azivuapo, vivuli hurudi majumbani mwao.

Ikawa siku moja barazani amwona mdogo wake wa kike, miaka 13, anasugua jicho kwa kiganja. Akamkamata mkono kwa ghafla hata mtoto akalia. Wiki ile ile akapelekwa kupimwa, na konea zake zikakutwa zimeanza kukonda.

Ipo tiba ambayo majaribio yake kwa wagonjwa yalifanyika Dresden, Ujerumani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: jicho hutiwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, ili nyuzi za konea zishikane na kukaza. Hairudishi kilichopotea; kwa wengi husimamisha kinachopotea. Konea za kaka zilikuwa zimeshakuwa nyembamba mno kwa tiba hiyo. Za mdogo wake bado zilikuwa na unene wa kutosha. Bibi akavua bangili zake mbili za dhahabu, akazikabidhi bila kuuliza bei.

Kilichomkosa kaka kikamwahi mdogo. Sasa daftari la babu liko mikononi mwa binti, na kaka hukaa kando yake, lenzi ameshazivua, akisikiliza. Macho yakimwasha, binti huweka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya kope, hutia matone aliyoandikiwa na daktari, wala si yale ya kujinunulia dukani. Mkono wake ukisahau ukaanza kupanda, kaka hukohoa, nao hushuka.

Bibi hufuata beti kwa midomo, kimya kimya. Pakifika penye “baba”, huinua kichwa na kungoja. Binti husoma baba.