Rangi Imepitwa

Binti yetu amelikataa gauni la Idi iliyopita, zima kabisa, kwa kuwa rangi yake "imepitwa". Tukauliza, na nani? Hakujua, wala sisi. Tulipodurusu tukaona kuwa Intercolor, jumuiya iliyoasisiwa Paris mwaka 1963 na Ufaransa, Uswisi na Japani, hukutanisha wajumbe wakaafikiana rangi miaka miwili kabla ya msimu wake. Watia rangi nyuzi na viwanda vya nguo wakizifuata, dukani twakuta hizo hizo. Huo ni utabiri au ni maagano? Anayetabiri mvua, walau, haishushi yeye.

Tulimweleza. Akasikiliza kwa adabu, kisha: "Na kanzu yako ya kahawia, Baba, uliichagua mwenyewe?"

Tuliinunua 2025, mwaka ambao kampuni ya Pantone ya Marekani iliutangazia rangi ya kahawia.

Gauni bado limetundikwa.