Meza Tupu

Jioni moja tuliketi wanne katika ghorofa ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kupanga maonesho madogo ya kompyuta za kale. Wenzangu ni mafundi. Mimi, mshairi na mfasiri wa kujisomea, niliitwa niandike maelezo ya kila meza.

Meza ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ilipofungwa Wizara ya Fedha. Ya pili ikazua mjadala, kwani mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

"Turuke miaka hiyo, mzee," alisema fundi kijana. "Hakuna cha kuonesha."

Nikasema iwekwe meza tupu. Mwaka 1975 soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa hatua chache kutoka hapo tulipoketi. Hesabu zake zikaenda kwa kalamu na daftari. Historia ya chombo ni pamoja na miaka kilipokosekana.

Waama, nilikuwa na langu moyoni. Katika miaka ya tisini marehemu maalim wangu, aliyenifunza vina na mizani, alinisomea tenzi zake nami nikazipiga chapa kwenye kompyuta ya kuazima. Beti zote zikaenea katika diski moja ya plastiki, pana kama kiganja. Daftari lilikwishaliwa na mchwa. "Litupe," akaniambia. "Yote yamo humo." Nikalitupa.

Baada ya maziko yake nilizunguka Kariakoo, duka kwa duka, nikitafuta mashine ya kuisoma diski ile. Redio zilikuwapo, simu zilikuwapo. Mwisho fundi mmoja akatoa mashine kuukuu chini ya meza. Ikakoroma mara tatu, ikanyamaza. Ukungu wa pwani ulikwishaota ndani.

Niliwasimulia wenzangu hayo, kisha nikaitoa diski mfukoni. Yule kijana akaitazama kitambo. "Basi ziwe meza mbili tupu," akasema.

Ya pili haitakuwa tupu kabisa. Nitaiweka diski, na kando yake daftari jipya. Nimeandika humo beti za maalim ninazozikumbuka: kumi na moja, katika mia moja na zaidi. Kurasa zilizosalia nimeziacha wazi, na kalamu juu yake, huenda akapita mtu aliyewahi kukaa barazani kwake akasikia.