Gemu la kugongana

Wiki hii nimerudia kucheza Burnout 3: Takedown, gemu la mwaka 2004 lililotengenezwa na Criterion wa Uingereza. Jamani, utamu wake si kufika wa kwanza. Ni kumbamiza mwenzio ukutani! Kuna sehemu unaliingiza gari kwenye makutano makusudi, mabasi na malori yanapandana, halafu hasara inahesabiwa kwa dola. Ukishagonga, bado unayaelekeza mabaki ya gari lako yakamvae mpinzani. Nacheka peke yangu kama chizi.

Ila gazetini mimi ndiye naandikaga habari za ajali, na huko tunahesabu watu. Humu damu hamna. Basi linabingirika, huoni abiria hata mmoja, basi nabonyeza kitufe naanza upya.